Mgonjwa Naye Ana cha Kutoa

Hotuba ya mwalimu mstaafu kwa wagonjwa wa figo, jamaa zao na wahudumu wa afya, Mombasa

Madaktari wetu, wauguzi wetu, mama zangu na baba zangu, na nyinyi wenzangu ambao mlio wa mashine mnaujua hata usingizini: assalaam aleikum, na nyote hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya sanaa na afya ya akili kwa mtu anayeishi na ugonjwa wa muda mrefu. Nitaanza hapa kwetu pwani, kwenye visiwa vya Lamu. Mwaka 1858 alikuwako huko mama mmoja mgonjwa, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Wengi wenu mlimsoma shuleni, na wengine nimewasomesha mimi. Katika beti za mwanzo za utenzi wake anasema maradhi yamemshika hata yametimia mwaka, na muda wote huo hakupata kumwambia bintiye neno la maana. Basi anamwita, anamtaka akae karibu na wino na karatasi, maana moyoni ana jambo. Akatunga beti 102. Idadi hiyo kaitaja mwenyewe ndani ya utenzi, pamoja na mwaka, 1275 wa Hijria, kama fundi atiaye alama yake kwenye kazi aliyoimaliza. Kiasi cha miaka miwili baadaye akafariki.

Darasani tulikuwa tukijadili wasia wenyewe: mke amtendeeje mume, binti ajipambeje, aseme nini mbele za watu. Wasichana wa siku hizi hugombana na baadhi ya beti zile, na wana haki ya kugombana nazo. Leo naomba wasia tuuweke kando kidogo, tumtazame aliyeutoa. Ni mtu aliyeshikwa na maradhi mwaka mzima. Ugonjwa wake ameutaja mara moja, kisha akaingia kazini. Huko mwishoni anarudi kwenye hali yake, anasema mtunzi wa utungo huu ni mpweke mwenye majonzi, anamwomba Mungu amghufirie. Kwa hiyo huzuni hakuificha. Ilikuwamo tangu mwanzo. Ila katikati ya ile huzuni ya mwanzo na ya mwisho alikuwa na binti wa kumwambia jambo, na beti za kuhesabu.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Maradhi ya muda mrefu humfanya mtu awe wa kupokea tu, na sanaa ni mojawapo ya njia chache za kumrudisha kwenye kutoa.

Tazameni yanayotokea nyumbani mtu anapoanza kusafishwa damu. Hubadilika cheo bila ya mtu yeyote kukusudia. Jana alikuwa baba wa kuamua, au mama wa kuulizwa. Leo anapimiwa maji, anapakuliwa chakula cha peke yake, anapelekwa, anarudishwa, anachangiwa. Kila anayeingia humpa pole. Anashukuru, maana wanaompa ndio wanaompenda. Lakini kutoka asubuhi hadi usiku yeye ni wa kupewa, na mwaka ukiisha hivyo, ukaja wa pili vivyo hivyo, moyo huanza kumuuliza: mimi nafaa kwa nini tena?

Swali hilo likiachwa likae, huwa ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya watano walio kwenye dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, ana sonona, ile huzuni nzito iliyo maradhi, na hao ni waliohojiwa na kupimwa na wataalamu. Kwa waliojaza fomu wenyewe juu ya hali zao, walikuwa karibu wanne kati ya kumi. Na sonona ya mgonjwa wa figo ina ujanja wake. Mtu hana hamu ya kula: tunasema ni figo. Halali usiku: ni figo. Amechoka, hataki kuzungumza, hamtazami mtu usoni: ni figo, mwacheni apumzike. Mengi ya hayo kweli yaweza kuwa figo, na ndiyo sababu huzuni hujificha nyuma yake miezi na miezi bila ya mtu kuiona.

Kabla sijaendelea, jambo moja liwe wazi. Sanaa haisafishi damu. Haishushi presha iliyopanda kwa sababu umeacha dawa, wala haitoi kilo za maji ulizorudi nazo kwa sababu ulishindwa na kiu. Atakayekwambia uimbe badala ya kwenda kwenye mashine, mkimbie. Ninayoyasema yote ni kwa mtu anayekwenda kliniki, anayekunywa dawa zake, na bado anarudi nyumbani akiwa na saa nyingi za kukaa na moyo wake.

Sasa tuingie wodini. Kiti cha dialisisi ni saa nne. Wengi wetu ni mara mbili kwa wiki, mwenye uwezo mara tatu. Mkono mmoja una fistula, yaani mshipa ulioandaliwa kwa kazi hii, sindano mbili zimeingia, na mkono huo hauruhusiwi kukunjwa wala kutikiswa. Kwa kawaida madaktari huuchagua ule usiotumika sana, kwa hiyo wa kuandikia hubaki huru. Nawaomba mkumbuke hilo, maana ndilo linaloamua sanaa gani inawezekana pale. Kusuka ukili hakuwezekani, ni kazi ya mikono miwili. Kushona kofia vivyo hivyo, na kuna hatari zaidi: tukiwa kwenye mashine tunatiwa heparini damu isigande, kwa hiyo kidole kikichomwa na sindano ya kushonea hutoka damu kuliko kawaida. Dada zangu mnaoshona, kofia ingojee siku ya mapumziko. Kinachobaki kwenye kiti ni mkono mmoja, kinywa na kumbukumbu. Kwa bahati yetu sisi watu wa pwani, mkono mmoja, kinywa na kumbukumbu ndivyo vitu vilivyotutosha tangu zamani kutunga mashairi.

Nina jirani yangu wa kiti, mzee aliyekuwa mvuvi. Amenipa ruhusa kuyasema haya, jina lake ameomba lisitajwe. Saa ya tatu ndiyo mbaya kwake. Misuli ya miguu humkaza hadi jasho linamtoka, na muuguzi humjia akamnyoosha unyayo. Siku moja nikamsikia anahesabu kwa vidole vya mkono ulio huru, midomo inakwenda, sauti haitoki. Nikadhani ni tasbihi. Kumbe anahesabu mizani. Alikuwa anamtungia mjukuu wake mambo ya bahari, kwa kuwa mtoto yule hakupata kwenda naye baharini hata mara moja. Babu alianza kuugua yeye angali mdogo. Mzee haandiki, macho hayamsaidii. Beti anaziweka kichwani, na dada muuguzi akipata nafasi humwandikia. Huu ni mmoja:

Mjukuu nikwambie,
Kusi ije utulie,
Ngalawa uifungie
Penye ghuba ya kutua.

Mstari mizani nane, vina vimekaa mahali pake. Naufurahia ubeti huu kwa ufundi wake, lakini kilichonifanya niulete hapa ni yaliyofuata. Mtoto yule yuko sekondari. Alipopewa daftari akaanza kuuliza. Kusi inaanza mwezi gani? Kwa nini mtu asitoke nayo? Ghuba gani hiyo, iko wapi, unaijuaje usiku? Siku hizi huja na maswali, na babu yake huenda nyumbani akiwa na deni la majibu. Yule aliyekuwa wa kupelekwa na kurudishwa amekuwa tena mtu mwenye kujua kitu ambacho mwingine anakihitaji. Misuli inamkaza hata leo, ila mwenyewe ananiambia saa ya tatu haina nguvu ile ya zamani akiwa na ubeti haujakamilika.

Wanaoshughulika na maumivu wanajua kwamba akili iliyoshikwa na kazi huyasikia maumivu kwa uchache kuliko akili iliyokaa ikiyangojea. Kutunga kwa arudhi, yaani kwa kanuni za vina na mizani, ni kazi ya kushika hasa. Neno unalolitaka lina mizani mitatu na nafasi iliyobaki ni miwili. Unalitoa, unatafuta jingine, kina kinakataa, unarudi mwanzo. Nimeona watu wakifikiri kwamba kwa mgonjwa masharti hayo ni mzigo, heri aandike apendavyo. Aandike apendavyo akitaka. Mimi naamini masharti ndiyo dawa kwa wengi wetu, kwa sababu mgonjwa amechoka kuwaza mambo yasiyokuwa na jawabu, na hapa anapewa tatizo lenye jawabu, ambalo laweza kupatikana kabla ya sindano kutolewa.

Upande wa kina mama wana lao. Wameanzisha, bila ya kuambiwa na mtu, mchezo wa kubuni majina ya leso. Mmoja anatoa, mwingine anajibu, na anayeshindwa kujibu mpaka mashine ya mwenzake ikalia amekwisha. Mengine siwezi kuyasema mbele ya madaktari, yanawahusu. Moja nimeomba nilichukue: “Mashine yanisafisha damu, moyo nausafisha mwenyewe.” Mwenye kiwanda cha leso akiwa hapa, alichukue alichape, mwenyewe ameridhia. Ni maneno ya mtu aliyekwisha kugawa kazi: hii ya wataalamu, hii yangu.

Tena tuseme juu ya kiu, maana asiyekuwa na ugonjwa wetu haijui. Wengi wetu tumepewa kipimo cha maji ambacho mtu mzima mwenye afya hukimaliza kabla ya adhuhuri. Joto la Februari la Mombasa mnalijua. Na dafu, ambalo mgeni yeyote akija hununuliwa, kwetu ni marufuku kwa sababu ya potasiamu iliyomo. Potasiamu ikizidi mwilini moyo waweza kusimama. Ndizi hivyo hivyo, machungwa hivyo hivyo. Mtu wa pwani kukatazwa dafu ni kama kuambiwa aishi nyumbani kwake bila ya kufungua dirisha. Sasa huzuni ya namna hiyo utampelekea nani? Ukimwambia daktari, atakukumbusha sababu, na sababu unaijua. Ukiwaambia watu wa nyumbani, wataona haya kunywa mbele yako. Haina pa kwenda. Lakini itungie shairi, ulisifu dafu lile kwa haki yake yote, ulilie wazi kama mtu anavyomlilia aliyesafiri, na waliokaa viti vinne kulia na kushoto watakuitikia kibwagizo kwa sababu kila mmoja alikuwa anaililia yake kimyakimya. Nimeyaona hayo. Hakuna aliyekunywa dafu siku ile. Walicheka, wawili wakalia, na dada muuguzi alisema hajapata kuisikia wodi ile ina sauti kiasi hicho.

Wala si sisi wa kwanza. Bara letu lina uzoefu mkubwa wa jambo hili, na liliupata kwa gharama kubwa, wakati wa UKIMWI kabla ya dawa kufika.

Uganda, mwaka 1989, mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama hadharani akasema ana ugonjwa ule. Wakati huo mtu akijulikana anao hata sahani yake hutengwa. Yeye, msanii aliyependwa na nchi nzima, akazunguka mashuleni na makanisani akizungumza na kuimba juu ya upweke na hofu aliyokuwa nayo. Desemba ya mwaka huohuo akafariki. Nguvu zake za mwisho alizitumia kuwaimbia watu ambao wengine wao walikuwa wagonjwa na hawajamwambia yeyote.

Hukohuko Uganda, katika miaka ya 1990, kina mama wa chama cha NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi, walishika kazi ya kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa watoto wao. Daftari la kawaida, picha zikipatikana. Mama anaandika: ulizaliwa siku hii, ukoo wetu unatoka mahali fulani, babu yako alikuwa mtu wa namna hii, ulipokuwa mdogo ulikuwa ukipenda chakula hiki na kuogopa kitu kile. Wengi walianza wakidhani wanaaga. Ikaja kuonekana kwamba kazi ile inafungua vinywa, maana huwezi kumwandikia mtoto historia yake ukaruka ugonjwa wako, kwa hiyo kina mama walijikuta wamekaa na watoto wao wakiwaambia ukweli, na watoto wakiuliza waliyokuwa wakiyaogopa. Dawa zilipofika, wako waliopona kifo walichokwisha kujiandaa nacho, na madaftari yakabaki kuwa ya familia.

Na Afrika Kusini, Khayelitsha, nje kidogo ya Cape Town, mwaka 2002. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wameanza mwaka mmoja nyuma kutoa dawa za kupunguza makali kwenye kliniki za umma. Kundi la wanawake waliokuwa wakitumia dawa hizo, wakiongozwa na msanii Jane Solomon, walichora ramani za miili yao. Mtu analala juu ya karatasi kubwa yenye urefu wake mwenyewe, mwenzake anamzungushia kalamu. Nyuma ya umbo lake linachorwa umbo la pili, kivuli cha anayemtegemeza. Kisha kazi inaanza: virusi viko wapi, nivipake rangi gani, kovu hili la nini, nguvu zangu zinakaa sehemu gani ya mwili. Katika yote niliyosoma juu ya sanaa na ugonjwa, hiki kivuli cha nyuma ndicho kilichonigusa zaidi. Mgonjwa anatakiwa amchore anayembeba, na ili amchore lazima kwanza amtafute katika maisha yake amjue ni nani. Wako waliokaa muda mrefu mbele ya karatasi kabla ya kupata jawabu, kama ambavyo wengi wetu hapa tungekaa.

Mnaona uzi unaopita katika yote hayo. Lutaaya aliwaimbia wananchi wake. Mama wa Kampala alimwandikia mwanawe. Mwana Kupona alikuwa na binti, mzee wetu ana mjukuu. Kuna aliyelengwa.

Madaktari watataka ushahidi, nao upo. Mwaka 1999 jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti wa wagonjwa 112 wenye pumu au baridi yabisi. Kundi moja liliandika juu ya jambo lililowaumiza kuliko yote maishani, dakika 20 kwa siku, siku 3 mfululizo. Kundi la pili liliandika mipango yao ya siku tu. Baada ya miezi 4, asilimia 47 ya kundi la kwanza walikuwa na nafuu ambayo daktari anaihesabu kuwa nafuu, na asilimia 24 katika kundi la pili. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipitia tafiti zaidi ya 3,000 na kusema sanaa ina nafasi ya kweli katika kuzuia maradhi na katika kuishi nayo. Na kwetu sisi wa figo hasa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, walipeleka rangi na uandishi kwenye kitengo cha dialisisi huko Ireland ya Kaskazini, wakakaa na wagonjwa mmoja mmoja wakiwa wameunganishwa na mashine. Ulikuwa utafiti mdogo, wa kuangalia kwanza kama jambo lenyewe linatendeka. Nasema hivyo ili asitoke mtu hapa akatangaza kwamba mashairi yamethibitishwa kuwa dawa ya figo.

Wale wa 1999 waliandika faraghani, hawakumwandikia yeyote, na bado walinufaika. Kwa hiyo anayetaka kuandika daftari lake akalifungia sandukuni, afanye hivyo, limfae. Ninalosema linatokana na miaka yangu ya ualimu na ya ugonjwa: mwenye mtu wa kumtungia haachi. Asiyekuwa naye huandika wiki mbili, kisha daftari likawa la hesabu za duka.

Kuna ya kuangalia. Kuandika juu ya jambo linalouma huweza kumwongezea mtu uchungu kwanza, siku moja au mbili, kabla ya kumpunguzia. Akijua mapema hataogopa. Lakini akiona uchungu unakua tu, usingizi umekimbia kabisa, au anaanza kuwaza kwamba heri asiende tena kwenye mashine, hapo kalamu iwekwe chini na daktari aambiwe siku hiyohiyo. Msimwachie shairi kazi ya daktari wa akili. Nanyi wauguzi mkisoma ubeti wa mgonjwa ukawashtua, msiusifu vina. Kaeni naye mumuulize.

Na asilazimishwe mtu. Wako wasiotaka kutunga wala kuchora, wanataka kusikiliza mpira wa redio na kulala, na hiyo ni haki yao. Na msituletee vitabu vya watoto vya kupaka rangi. Nimeona mahali mama mwenye wajukuu, aliyepamba maharusi wa mtaa mzima kwa piko na hina, akipewa picha ya sungura apake rangi ya waridi ili “achangamke”. Alipaka, kwa adabu. Mama yule mkono wake unajua maua ambayo mtoa kitabu hayawezi. Angeulizwa tu, mama, utufundishe kuchora ua hili, wodi nzima ingepata mwalimu. Kila anayeingia kwenye kiti kile ameingia na ufundi fulani, wa mikono au wa mdomo. Kuna msomaji wa kasida, kuna aliyeimba kwaya kanisani miaka ishirini, kuna fundi wa nakshi za milango, kuna anayejua hadithi zote za Abunuwasi. Anzeni hapo alipo.

Kwenu nyinyi jamaa zetu nina ombi ambalo huenda likasikika gumu. Mdaini mgonjwa wenu. Mwambieni: harusi ya fulani ni mwezi ujao, tunataka beti za kumtunza bibi harusi, na hatuna mwingine wa kutupa. Mwambieni: mtoto huyu hajui ukoo wake, mpaka Ijumaa tunataka majina ya mababa saba. Mkubalie akuambie amechoka, kisha wiki ijayo mdaini tena. Mnadhani mnamhurumia mkimwondolea kila kazi, na kazi nyingi kweli hawezi. Hii anaiweza. Na akikupa, usimwambie tu “hongera, umejitahidi” kama mtoto wa chekechea. Isome. Mwambie mstari wa tatu umepungua mizani. Imbeni beti zake harusini, watu wajue ni zake.

Kwa uongozi wa wodi, tunachoomba ni kidogo mno. Kila mgonjwa awe na daftari lake na kalamu yake, asiazimane na mwenzake, kwa sababu za usafi mnazozijua kutushinda sisi. Pawe na ubao mwepesi wa kuandikia unaoweza kupanguswa kwa dawa baina ya zamu na zamu. Anayetaka kujirekodi kwa simu aruhusiwe, sauti ya chini. Na wanafunzi wa vyuo vyetu wanaosoma Kiswahili, waleteni wawili watatu mara moja kwa wiki wawe waandishi wa wale ambao macho yamepungua. Sukari imetuchukulia macho wengi hapa kabla ya kutuchukulia figo. Watajifunza Kiswahili ambacho hakimo kwenye vitabu vyao.

Madaftari ya kuanzia tumeyapata, ndugu mmoja mwenye duka ametoa sadaka, yako pale mlangoni kwa dada aliyevaa buibui la kijani. Chukua moja ukitoka. Kwenye jalada, kabla hujaandika jina lako, andika jina la mtu unayetaka kumwandikia. Asiyekuwa na mtu aje aniambie. Mimi nipo zamu ya asubuhi, Jumanne na Ijumaa, kiti cha karibu na dirisha, na kazi yoyote nitakayoletewa nitaisoma.

Asanteni kwa kunisikiliza.